Nimetapika miezi mitatu, mtoto alikuwa anakula nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapahapa Dodoma, anakaa Nkuhungu, mimba ya kwanza, wiki ya 19. Nimelifupisha:

"Shikamoo mkunga. Tangu mimba ikiwa changa nilikuwa natapika kila kitu hadi maji, nikatoka kilo 58 nikafika 54. Saivi natapika mara mojamoja na chakula kinakaa. Ninachouliza, miezi yote hiyo mtoto alikuwa anakula nini? Mama mkwe anasema nilichokula mimi ndo kinapita kwenye kitovu kinamfikia, kwahiyo nikilala njaa na yeye kalala njaa. Alafu kanikataza mayai eti mtoto atazaliwa hana nywele, na pilipili itamuunguza macho. Nimebaki naogopa tu."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: mtoto wako hakulala njaa. Aliyelala njaa ni wewe, na nitakusema kidogo huko mbele kwa kukaa nyumbani huku kilo nne zinaondoka. Ila yeye alikuwa anakula, tena kipindi kilekile ambacho jirani akikaanga vitunguu wewe unakimbilia nje, yeye kule ndani alikuwa na jiko lake.

Iko hivi. Siku ya sita au ya saba baada ya yai kurutubishwa, kile kitu kidogo ambacho ukikitafuta kwa macho hukioni vizuri kinafika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kujichimbia ndani, kama punje ya uwele kwenye udongo uliolowa mvua ya kwanza. Ule ukuta mwili wako ulishauandaa, umenenepa, una akiba ya sukari na mafuta, na una tezi ndogondogo zinazotoa majimaji yenye lishe, wengine wanayaita maziwa ya mfuko wa uzazi na mimi naona jina limekaa vizuri tu. Wiki kama kumi za mwanzo mtoto anategemea sana hayo majimaji. Ana kifuko kidogo kimening'inia pembeni yake, ni ndugu wa kile kiini cha njano kwenye yai la kuku, ila kwa binadamu hakina akiba ya maana ndani, kazi yake ni kuyapokea hayo majimaji na kumpitishia.

Damu yako yenyewe muda huo bado haijafunguliwa kwake sawasawa. Mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma, lile linalotoka baada ya mtoto kuzaliwa, inakuwa imezibwa na chembechembe za kondo lenyewe, mfano wa bomba lililowekwa kizibo, na vizibo vinaachia taratibu mpaka inapofika wiki ya 10 hadi ya 12 ndo damu inaingia kwa nguvu. Na sio kwamba mwili unambania, oksijeni nyingi mapema hivyo, viungo ndo kwanza vinaumbika, ingemdhuru.

Alafu jiulize alikuwa anahitaji kiasi gani. Wiki ya 12 mtoto ana kama gramu 14. Chukua zabibu tatu za hapa kwetu weka kiganjani, uzito wake ndo huo. Sasa kiumbe cha zabibu tatu hakiwezi kukumaliza, hata kama ulikuwa unashindia maji na limao mwili wako ulikuwa na akiba ya kumtosha.

Na utacheka, anayekutapisha ni yeye mwenyewe. Kuna homoni inaitwa GDF15, mimba ikiingia sehemu kubwa inatoka kwenye kondo, na mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba inahusika moja kwa moja na kile kichefuchefu kikali cha mimba, hasa kwa mwanamke ambaye kabla ya mimba mwili wake haukuwa umeizoea. Kwahiyo wanaokuambia unadeka waambie ni homoni.

Sasa hapa ndo nakusema. Mama mjamzito akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake kwa kutapika, huyo sio wa kukaa nyumbani kunusa limao. Wewe ulitoka 58 ukafika 54, hiyo imeshapita asilimia 5. Ulitakiwa uje uwekewe drip, upimwe mkojo, upewe dawa ya kuzuia kutapika na vitamini B1, dawa zipo na mjamzito anapewa. Ikirudi tena ukawa hata maji hayakai, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi au unakojoa kidogo sana, ukisimama unaona kizunguzungu, usisubiri tarehe ya kliniki, njoo siku hiyohiyo. Mtoto anaweza akaishi kwa akiba yako lakini wewe figo zako hazina akiba ya maji.

Haya, tuje kwa mama mkwe na kitovu. Kasema kweli nusu.

Siku moja usiku, wodi imetulia, mama kashajifungua salama na mtoto yuko kifuani kwake, nikamwita mwanafunzi aliyekuwa zamu na mimi nikamwambia njoo uone, usitupie tu kwenye ndoo. Kondo likiwa kwenye beseni, ukilifunua upande uliokuwa umeshika kwa mama ni jekundu lililoiva, limegawanyika vipande kumi na tano hadi ishirini vilivyobanana, ukiangalia haraka unaweza kusema ni maini. Tunavikagua kimojakimoja, mana kipande kikibaki ndani mama atamwaga damu. Ukiligeuza upande wa mtoto ni kitu kingine kabisa, linang'aa, rangi ya kibluu, na mishipa imetoka pale kamba ya kitovu ilipoungia ikatawanyika pande zote, nene inakuwa nyembamba, nyembamba inakuwa kama uzi. Kama umewahi kuangalia mbuyu wa njia ya Singida wakati wa kiangazi, hauna hata jani moja, matawi yamesimama tu mbinguni, basi umeshaona upande wa mtoto wa kondo. Zima lina uzito kama nusu kilo na upana wa sahani ya wali, sentimita 20 na kitu.

Nikamkatia yule mwanafunzi kipande cha kamba nikamwambia hesabu matundu. Akahesabu matatu. Moja kubwa, mawili madogo. Kamba yenyewe ina urefu wa sentimita 50 hadi 60, na hiyo mishipa mitatu imezungushiwa ute mzito unaovutika, sisi wazaliwa wa huku hatuhitaji maelezo mengi, ni mlenda kabisa, na huo ute ndo unafanya mtoto akijizungusha mishipa isibanwe. Lile tundu kubwa ndo linapeleka kwa mtoto damu iliyobeba chakula na oksijeni, yale mawili madogo yanarudisha kwenye kondo damu iliyotumika. Kwenye kitovu mambo yamegeuka, veni (lile tundu kubwa, mshipa ambao kwingine mwilini unarudisha damu iliyotumika) ndo inabeba damu safi, wanafunzi wanafeli sana hapo.

Kwahiyo ndiyo, vinapita kwenye kitovu. Ila sio ugali. Wala sio damu yako. Hili watu wengi hawalijui, damu yako na damu ya mtoto zinapita jirani lakini hazichanganyiki, na ndo mana wewe unaweza kuwa grupu O ukabeba mtoto wa grupu A miezi tisa na mkakaa kwa amani. (Kuna kuvuja kidogokidogo, hasa wakati wa kujifungua, na hapo ndo tunapowaangalia akina mama wenye grupu zenye negativu, angalia kwenye kadi yako wameandika nini.)

Yale matawi ya mbuyu niliyokuambia yanaendelea kugawanyika ndani ya kondo mpaka yanakuwa vidole vidogo sana, maelfu kwa maelfu, na damu yako inamwagika katikati yao kama maji yanavyojaa kwenye jaruba la mpunga kule Bahi. Vile vidole vimesimama ndani ya bwawa la damu yako, damu ya mtoto iko ndani ya vidole, ya kwako iko nje, katikati kuna ukuta mwembamba kuliko unywele mara nyingi tu. Ukivikunjua vyote ukavitandika chini mimba ikiwa imekomaa unapata mita za mraba 11 hadi 14, yaani chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi na mbili sakafu imejaa. Na miezi ya mwisho mfuko wa uzazi unapitisha zaidi ya nusu lita ya damu yako kila dakika. Kila dakika! Alafu mtu anakuuliza mbona unachoka na hujafanya kazi.

Sasa kwenye ule ukuta kila kitu kina namna yake ya kuvuka. Umewahi kufika soko la nafaka Kibaigwa ukaona magunia yanavyopakiwa? Sukari, yaani ile glukosi inayotoka kwenye ugali, wali, viazi, inavuka kwa mteremko, kwako ipo nyingi kwake ipo kidogo, inaserereka yenyewe, inahitaji wa kuishika mkono tu. Protini haziendi hivyo. Zinavunjwa kwanza tumboni kwako zinakuwa amino asidi, na hizo kwa mtoto zipo nyingi kuliko kwako, kwahiyo lazima zibebwe kupandishwa mlima, kama makuli wanavyopandisha gunia juu ya lori lililokwishajaa, na hao makuli wanatumia nguvu, kondo lenyewe linakula sana kwa sababu hiyo. Kalsiamu ya mifupa nayo inasukumwa, sehemu kubwa miezi mitatu ya mwisho. Madini chuma yana mlango wake na mlango ni wa kwenda tu, yakishavuka hayarudi. Oksijeni haina shida, damu ya mtoto ina hemoglobini ya aina yake inayoing'ang'ania oksijeni kuliko ya kwako, ikikutana nayo inainyakua. Na kinga pia zinavuka, nyingi wiki za mwisho, ndo mana tunakuchoma wewe sindano ya pepopunda tukimlenga yeye. Uchafu wake, hewa chafu na urea, unarudi kwako, wewe ndo unapumua na kukojoa kwa niaba yake.

Sasa umeelewa kwanini nasema mama mkwe kasema kweli nusu. Mtoto hali kwenye sahani yako, anakula kwenye damu yako. Na damu yako haisubiri sahani. Ukilala bila kula, ini lako linatoa sukari liliyohifadhi, mafuta yanayeyushwa, maisha yanaendelea. Tena kondo ni janja, linatoa homoni inayofanya mwili wako usiitumie sukari haraka ili ibaki ya mtoto. Kwa akina mama wengine huu ujanja unapitiliza, inakuwa kisukari cha mimba, na hapo shida ni kwamba sukari inavuka ila insulini yako (homoni inayoshusha sukari) haivuki, mtoto anajikuta na sukari nyingi anatengeneza insulini yake mwenyewe, ananenepa, anafika kilo nne na zaidi, kutoka inakuwa vita, na akitoka sukari yake inashuka ghafla. Watu wanampongeza mama kwa mtoto bonge wakati sisi tunahangaika kumpima sukari kisiginoni.

Ila usinielewe vibaya ukaona basi kula ni hiari. Kutumia akiba ya mama kuna mwisho wake, na kuna vitu akiba yake kwa wengi wetu ilikuwa ndogo tangu tunaingia kwenye ndoa, cha kwanza ni madini chuma. Mimba nzima inataka kama gramu moja ya chuma, na katika hiyo miligramu kama 300 ni za mtoto na kondo lake. Gramu moja inaonekana kidogo lakini kuipata kwenye ugali wa sembe na mboga bila nyama ni kazi kweli. Mtoto atajichukulia cha kwake kwanza, wewe utabaki na damu 8, na ikishuka sana hata yeye anazaliwa na akiba pungufu, ndani ya miezi sita keshaishiwa damu. Wingi wa damu kwa mjamzito ukiwa chini ya 11 tunauita upungufu, na sababu kubwa ninayoiona mimi ni vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu mnavyopewa bure vinakaa juu ya kabati. Mnasema vinatia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi. Choo cheusi ni kawaida, usiogope. Kichefuchefu, meza usiku ukienda kulala. Meza na maji ya ubuyu au chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia, na chai iache kabisa ikae mbali na kidonge na chakula kwa saa moja au mbili, mana chai inazuia chuma kuingia.

Na pemba. Sijui kama unakula ila nauliza kila mjamzito, yale madongo yanayouzwa sokoni yamepangwa vizuri kama biskuti. Hamu ya kula udongo mara nyingi ni damu ndogo inaongea, na udongo wenyewe unazuia chuma kidogo ulichokula kisiingie, kwahiyo unakula kwa sababu huna damu na huna damu kwa sababu unakula. Kama unakula niambie tu, sikucheki, nusu ya wodi wanakula.

Chakula, sikupangii orodha ya hotelini. Wewe upo Dodoma, mboga zetu ziko vizuri kuliko tunavyozisifia. Ugali wa uwele una chuma kuliko sembe, mlenda uliotiwa karanga, kunde, choroko, dagaa wa kusagwa, maziwa ukipata, maini mara moja kwa wiki yanatosha mana yana vitamini A nyingi sana. Na habari ya kula kwa ajili ya watu wawili iache, kuanzia mwezi wa nne unahitaji nyongeza ya kalori kama 340 kwa siku na miezi mitatu ya mwisho kama 450, hiyo ni bakuli la uji wa karanga na glasi ya maziwa basi, sio sahani ya pili. Lakini hiyo nyongeza usiiruke, kwa sababu mtoto saivi hajafika hata gramu 300, na zaidi ya nusu ya uzito atakaozaliwa nao anaupata baada ya wiki ya 30. Zile wiki ulizokuwa unatapika alikuwa anajengwa viungo, hizi zinazokuja ndo za kula.

Kuna kitu kingine ambacho akina mama hawaulizi, wanauliza chakula tu: kondo lenyewe likiumwa hata ule nini hakifiki. Malaria kwetu Dodoma sio nyingi kama Kanda ya Ziwa, ila wadudu wake wana tabia mbaya ya kujificha kwenye kondo, unaweza usisikie homa kabisa huku kule ndani vile vidole vimegandwa na wadudu na mtoto anazaliwa chini ya kilo mbili na nusu. Ndo kazi ya zile SP, vidonge vya kukinga malaria, tunazokumezesha mbele yetu, zinaanza mimba ikivuka miezi mitatu, zinapishana mwezi mmoja, angalau mara tatu, isipokuwa kwa wanaotumia septrini (dawa ya kukinga maambukizi wanayopewa baadhi ya wanaoishi na VVU). Wewe wiki ya 19 kama hujapewa hata ya kwanza, dai. Presha nayo inabana mishipa ya kondo, hivyo usikubali kutoka kliniki hujapimwa. Sigara na ugoro vivyo hivyo, na pombe inavuka yote kama ilivyo, hata ile wain yetu tunayojivunia, chupa iache mpaka utakapojifungua.

Mayai. Kula. Yana protini na vitu vya kujenga ubongo, yapike yaive, na nywele za mtoto zinatokana na ukoo wenu, mkitoa watoto wenye vipara mkawalaumu kuku mtakuwa mnaonea. Pilipili nayo haifiki machoni kwake, itakuchoma wewe kiungulia tu. Ila hapa mama mkwe kuna kitu kakigusa bila kujua, mtoto anaonja kweli. Yupo kwenye maji, anayameza na kuyakojoa, kuelekea mwisho anameza nusu lita na zaidi kwa siku, na ladha ya ulichokula, vitunguu saumu kwa mfano, inaingia kwenye yale maji. Sio chakula chake hicho, ni mazoezi ya kumeza, chakula kinabaki kile cha kitovuni. Usimbishie mama mkwe sebuleni, haitasaidia. Siku ya kliniki mwambie akusindikize, mimi nitamkalisha nimwamkie vizuri nimweleze, wengi wakisikia kwa mtu mwenye mvi kama zao wanaelewa.

Na siku hiyo nesi akishakupima kwa futi tumboni muulize kimo ni ngapi. Kuanzia wiki ya 20 sentimita zinakimbizana na wiki, wiki ya 24 tunategemea 24 hivi, tofauti ya mbili juu au chini haina shida. Hicho ndo kipimo cha kwanza cha kujua anakula vizuri au la, na kinaandikwa kwenye kadi. Wiki hizihizi pia utaanza kusikia kitu kama samaki kajigeuza chini ya kitovu chako, ni mtoto anacheza, usije mbio ukidhani ni gesi.